TUITUNZE ARI YETU ISIZIMIKE NJIANI

(Hotuba iliyosomwa na karani mmoja wa mgodi mbele ya wachimbaji, wakulima, akina mama wa soko na vijana wa Pinga. Tunaichapa hapa kwa sababu wengi waliokuwako wameomba kuisoma tena, na wasiokuwako wameomba kujua yaliyosemwa.)



Nashukuru kupewa nafasi hii. Mimi si msemaji. Kazi yangu ni ya kalamu na mizani: napima magunia, naandika hesabu, natia sahihi, basi. Mapadri walionifundisha sekondari walituambia kwamba karani mwema haandiki asichokiona. Kwa hiyo leo nitasema yale niliyoyaona kwa macho yangu, pamoja na yale yaliyoandikwa na watu wanaoaminika.

Nataka tuzungumze juu ya ari. Ari ni ule moyo unaomwamsha mtu alfajiri akaenda kazini bila kusukumwa na mtu. Sisi watu wa Pinga hatukosi ari ya kuanza. Jiulizeni wenyewe: ni vyama vingapi vya kusaidiana vimeanzishwa hapa kwetu? Ni mashamba mangapi ya pamoja yaliyolimwa mwezi wa kwanza kwa nyimbo na vigelegele? Ni vijana wangapi walionunua madaftari mapya wakaandika majina yao juu kwa wino mwekundu? Na leo mambo hayo yako wapi? Wahenga walisema, Kipya kinyemi ingawa kidonda. Kuanza ni kutamu. Walakini hakuna mtu aliyeshiba kwa kupanda. Watu hushiba kwa kuvuna.

Basi swali langu ni moja tu. Ari ikiisha kuwaka, tuitunze namna gani hata kazi imalizike?

MOTO WA MAJANI MAKAVU

Sisi wenyeji wa Walikale na Masisi tumeuona moto wa majani makavu. Mwaka 2002 mawe ya kasiterite yalijulikana katika mlima wa Bisie, ndani ya msitu wa Walikale. Habari ilienea upesi. Watu kwa maelfu waliacha mashamba, wengine waliacha masomo, wakaingia msituni kwa miguu. Wapagazi walitoka na mizigo ya kilo 50 mgongoni. Ndege ndogo zilitua juu ya barabara ya lami pale Kilambo, zikabeba magunia mpaka Goma. Kule mlimani chupa ya bia na kilo ya mchele viliuzwa kwa bei ambayo mtu wa mjini angecheka asiamini. Nani asiyekumbuka? Kila nyumba ilikuwa na mtu wake Bisie, na kila mtu alisema, "Mwaka huu mimi nitajenga."

Halafu mwezi wa Septemba 2010 serikali ikapiga marufuku uchimbaji wa mikono katika Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Maniema. Marufuku hayo yalidumu mpaka Machi 2011. Wakati huo mimi nilikuwa kijana niliyetoka masomoni karibuni. Nikaona jambo ambalo sikulisahau. Watu wawili walirudi kutoka mgodi mmoja, waliochimba mashimo yaliyopakana, waliopata sawasawa. Wa kwanza alirudi na redio na deni. Wa pili alirudi na mbuzi sita, kwa maana kila alipouza gunia alinunua kitu kimoja kinachoonekana, akakipeleka kwa mama yake kabla hajafanya lingine lo lote. Yule wa kwanza alikaa kivulini miezi sita akisema kwamba serikali imemwua. Wa pili alisikitika siku mbili, siku ya tatu akashika jembe.

Ndugu zangu, wote wawili walikuwa na ari. Mmoja ari yake ilikuwa juu ya jambo kubwa lililo mbali, yaani utajiri. Mwingine ari yake ilishikamana na jambo dogo analoweza kulimaliza wiki hii. Jambo kubwa lilipoondoka, ari ya wa kwanza iliondoka nalo. Ngoma ikivuma sana hupasuka.

ARI HAILETWI KWA AMRI

Mtu ataniambia, "Karani, mbona nchi nzima iliwahi kuwa na ari?" Ni kweli. Tarehe 30 Juni 1960 babu zetu walicheza njia nzima. Wengi waliamini kwamba kesho yake mishahara itaongezeka na shida zitaondoka pamoja na Wabelgiji. Siku tano tu zikapita, tarehe 5 Julai, askari wakaasi, na mambo yaliyofuata mnayajua. Simlaumu aliyecheza. Mtu aliyefungwa akifunguliwa ana haki ya kucheza. Nasema tu kwamba watu walikuwa wameahidiwa mengi, na wachache waliambiwa kila mmoja ataanza na kazi gani asubuhi.

Baadaye, katika miaka ya 1970, wakati wa Mobutu, likaja neno salongo. Kila mtu atoke na panga na jembe, asafishe barabara, afyeke majani. Kazi yenyewe ilikuwa nzuri. Ni nani asiyependa barabara safi? Lakini watu walitoka kwa kuogopa kuandikwa jina. Wazee wanatusimulia kwamba mkubwa akipita majembe yalipanda, mkubwa akiisha kupita majembe yalilala. Kazi iliyokuwa ya wanakijiji ikawa kazi ya mkubwa, na ari yao ikakataa kumfuata.

Sasa tazameni jirani zetu wa ng'ambo ya ziwa. Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Siku arobaini na nne tu baadaye, tarehe 22 Januari 1962, Julius Nyerere akakiacha kiti cha Waziri Mkuu, akamwachia Rashidi Kawawa, yeye akaenda mikoani kuzungumza na watu na kukijenga chama. Wengi walishangaa. Mtu amepigania kiti miaka yote, amekipata, anakiacha? Lakini aliona kwamba shangwe ya bendera haitoshi kuwa chakula cha ari. Watu wangetaka kujua, "Na mimi, kazi yangu ni ipi?" Ndiyo maana wenzetu walisema Uhuru na Kazi, wakayataja mawili pamoja.

Tena mwaka 1973 walifanya jambo ambalo mimi nalipenda kuliko hotuba zote. Liliitwa Mtu ni Afya. Kwa majuma 12 watu karibu milioni 2 walikaa katika vikundi vidogo vijijini, wakasikiliza redio, wakasoma kitabu kidogo, wakajadiliana. Viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walikuwa wamefundishwa kwanza. Lakini jambo lenyewe ni hili: kikundi hakikuishia katika maneno. Kikundi kikiisha kusikiliza, kiliamua kazi moja ya kufanya hapo hapo kijijini. Kuchimba choo. Kufukia dimbwi la mbu. Kuchemsha maji ya kunywa. Choo kikiisha kuchimbwa, kinaonekana. Mtoto anakiona, jirani anakiona, na mwenye choo hujiambia, "Kumbe naweza." Mtu aliyejiambia hivyo mara moja hahitaji kusukumwa mara ya pili.

Ari hula kazi iliyomalizika, kama moto unavyokula kuni. Ukiinyima kuni, hata uipulizie maneno mazuri usiku kucha, itazimika.

DARASA LETU LA JIONI

Sasa naomba niseme habari yangu mwenyewe, ingawa inaniaibisha kidogo.

Nilianzisha darasa la jioni kwa ajili ya wachimbaji. Wengi wenu mlikuwako. Usiku wa kwanza walikuja watu 41. Tulikosa mahali pa kukaa. Wengine walisimama dirishani. Nilifurahi sana. Nikatayarisha masomo kama nilivyofundishwa na mapadri: sarufi, jiografia, hesabu za sehemu, historia. Juma la nne walibaki 17. Juma la nane walikuja watano, na mmoja wao alikuja kujikinga mvua.

Nikarudi nyumbani nimekasirika. Nikamwambia mke wangu, "Watu hawa hawana ari. Kesho nafunga." Yeye alikuwa anasonga bugali, hakugeuka. Akasema, "Baba watoto, unawafundisha mambo ya mwaka ujao, na wao wanauza mawe yao kesho asubuhi." Nikanyamaza. Usiku ule sikulala vizuri.

Siku iliyofuata nikaacha jiografia. Nikaleta mizani ya kuning'iniza na gunia la mchanga. Nikasema, "Leo tutajifunza jambo moja tu: kusoma mshale huu, na kuandika namba yake katika daftari kabla mnunuzi hajaandika ya kwake." Tulifanya hivyo saa nzima, kila mmoja kwa zamu, mpaka wote watano wakajua.

Jumamosi mzee mmoja, mchimbaji wa siku nyingi, alipeleka gunia lake kwa mnunuzi mmoja ambaye sitamtaja. Karatasi ya mnunuzi ilisema kilo 47. Daftari ya mzee ilisema 50. Mzee hakugombana. Aliomba tu gunia lipandishwe tena juu ya mizani mbele ya watu. Likapandishwa. Ikawa 50.

Jumatatu jioni mzee aliingia darasani na watu tisa nyuma yake. Akaniambia, "Karani, nifanyie hesabu. Kama nauza magunia manne kwa mwezi, na kila gunia linapoteza kilo tatu?" Nikampa chaki, nikamwambia, "Hapana mzee wangu, fanya wewe." Akafanya polepole, jasho likimtoka kuliko shimoni. Kilo 12 kwa mwezi. Kilo 144 kwa mwaka. Akaandika 144 ubaoni, akarudi nyuma akaitazama. Akasema, "Hayo ni magunia mawili na kilo 44 juu. Kila mwaka." Akahesabu miaka yake ya kazi kwa vidole, akaacha katikati, akakaa chini.

Tangu siku ile sikuwahi tena kusema kwamba watu hawa hawana ari. Ari walikuwa nayo. Mimi ndiye niliyeinyima kuni.

MTU HAIMBI SIKU KUMI NA MBILI PEKE YAKE

Liko jambo la pili, nalo limetoka katika nchi yetu hii hii. Wanyanga wanaujua wimbo mkubwa wa Mwindo, mtoto wa mwami aliyekataliwa na baba yake. Mwaka 1956, katika kijiji cha Wanyanga, mzee Rureke aliuimba wote mbele ya Mbelgiji Daniel Biebuyck na makarani waliokuwa wanaandika. Aliuimba kwa siku 12. Aliimba, akasimulia, akacheza, akaigiza. Wimbo huo ulitolewa kitabu huko Marekani mwaka 1969, na aliyefanya kazi hiyo pamoja na Biebuyck ni Kahombo Mateene, mtoto wa Wanyanga. Leo unasomwa katika vyuo vikuu vya nchi nyingi.

Nikajiuliza, mtu anawezaje kuimba siku 12 bila moyo wake kuchoka? Jibu limo katika kitabu chenyewe. Kwanza, Rureke mwenyewe alisema kwamba hakuwahi kuuimba wote kwa mfululizo. Desturi ilikuwa kuimba kipande leo, kipande siku nyingine. Miaka yote aliubeba wimbo vipande vipande, na siku ilipofika ukatoka mzima. Pili, hakuimba peke yake. Vijana walipiga kijiti cha ngoma na kuitikia, nao walikuwa wanajifunza ili wauimbe baadaye. Waliokaa kusikiliza walitoa zawadi, wakamtia moyo. Sauti yake ilipopungua, kulikuwa na sauti za wengine za kuipokea.

Ndugu zangu, katika kazi zetu tunapenda sana kuwa waimbaji, hatupendi kuwa waitikiaji. Jirani anaanza kufuga nyuki, tunamtazama tuone kama ataumwa. Kijana anaanza kiwanda kidogo cha sabuni, tunanunua sabuni ya Goma. Mama anaanzisha likelemba ya soko, na mwezi wake wa kupokea ukipita, mwenzake haonekani tena. Halafu kazi ikifa tunasema, "Nilijua tu." Ulijua kwa sababu ulikataa kuitikia!

Mtu akiwa peke yake, ari yake hudumu kadiri ya nguvu za mwili wake. Akiwa na waitikiaji, anaweza kulala, kuugua, hata kufiwa, naye akirudi atakuta moto haujazimika.

"NIJENGE, KESHO NIKIMBIE?"

Nafika katika neno zito. Najua liko mioyoni mwenu, maana limo moyoni mwangu pia. Mtu wa Pinga akiambiwa habari ya ari hujibu, "Karani, nijenge ili kesho nikimbie?" Hatuwezi kumcheka. Mwaka 2012 na 2013 mji huu ulibadilisha mikono mara kwa mara, na watu wakalala msituni. Si mara ya kwanza, wala haikuwa ya mwisho. Ziko familia hapa ambazo zimepaka nyumba udongo mara nne kwa mikono ile ile.

Sina dawa ya vita katika mfuko wa karani. Ila naweza kusema niliyoyaona. Mara moja tulipokimbia, ubao wa darasa letu uliachwa. Tuliporudi tulikuta umekwisha kuwa kuni. Mtu alipikia juu ya hesabu zetu. Mizani haikuonekana. Nilisimama pale mlangoni nikasema moyoni, Basi, sasa imekwisha kweli.

Jioni ile yule mzee wa kilo 50 akaja. Viatu hana, koti hana. Akatoa ndani ya shati daftari lake, limelowa na kukauka, limejikunja kama jani la mgomba. Akasema, "Kule tulikokuwa, wauza unga walikuwa na mizani. Niliwafundisha vijana wanane kuisoma." Akanionyesha majina yao manane, yameandikwa kwa mkono wake mwenyewe. Mzee huyu alipoanza darasa alitia sahihi kwa kidole gumba.

Ndugu zangu, nyumba huchomwa. Mbuzi huchukuliwa. Ubao hupikiwa. Lakini mtu akiisha kujua kusoma mizani, hakuna bunduki inayoweza kumsahaulisha. Kwa hiyo simwambii mtu asijenge nyumba. Ajenge, maana mvua hainyeshi kwa kuuliza habari za vita. Nasema tu kwamba tukichagua mahali pa kuweka ari yetu, tuiweke kwanza katika vitu tunavyoweza kukimbia navyo: elimu, ufundi wa mikono, uaminifu wa watu wanaotujua, na kikundi kinachoweza kukutana po pote penye kivuli.

TUFANYE NINI?

Sitaki mtoke hapa na maneno matupu, nisije nikawa kama wale ninaowalaumu. Nawaomba mambo matatu, tena madogo.

La kwanza. Kila mtu achague kazi moja inayoweza kumalizika kabla ya Jumamosi ijayo. Isiwe "nitakuwa tajiri". Iwe "nitachimba shimo la taka", au "nitajua kuandika jina la mwanangu", au "nitalipa nusu ya deni la mama fulani". Ikimalizika, iandikwe katika daftari pamoja na tarehe. Siku ya huzuni, fungua daftari hilo ulisome. Karani huamini kilichoandikwa.

La pili. Kila mtu achague kazi ya mwenzake mmoja ambayo ataitikia. Kama hana fedha ya kununua, aende akaulize, "Imefika wapi?" Mara nyingi swali hilo tu linatosha kumwamsha mtu aliyekuwa anataka kuacha.

La tatu. Ye yote anayechoka, na apumzike bila aibu, lakini kwanza amwambie mwenzake, "Shika hapa mpaka nirudi." Anayeacha kimya anaua kazi. Anayemkabidhi mwenzake ameiokoa, na siku akirudi ana mahali pake.

Mali ya kweli naiona katika uso wa mtu aliyemaliza alichokianza. Niliuona uso huo wakati mzee alipoandika 144 ubaoni. Hakuwa amepata hata faranga moja usiku ule. Kinyume chake, alikuwa amejua ni kiasi gani alichopoteza. Hata hivyo alitoka darasani amesimama wima kuliko alivyoingia.

Darasa letu limeanza tena. Ubao mpya ni mlango wa nyumba uliopakwa makaa. Mizani tumeazima. Tunakutana Jumatatu saa kumi na moja jioni. Aliye na daftari aje nalo, asiye nalo aje na mwenzake aliye nalo.

Papo kwa papo kamba hukata jiwe. Tukutane Jumatatu.